Taka za mahafali huzaliwa kwenye bajeti

(Hotuba ya mlezi wa klabu ya mazingira katika kikao cha kwanza cha kamati ya mahafali, katika chuo kimoja mjini Kigoma)

Ndugu Mwenyekiti wa kamati, walimu wenzangu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, mama zangu wa vikundi vya mapishi mliotoka Ujiji na Mwanga kuja kukaa nasi, na ninyi wanangu wa mwaka wa mwisho: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Nashukuru kupewa nafasi hii mapema. Miaka yote nimekuwa nikiitwa siku tatu kabla ya mahafali, vitu vimeshanunuliwa, naambiwa, "Mwalimu, tusaidie suala la usafi." Siku tatu kabla hakuna tena la kusaidia, kuna kuzoa tu. Leo bajeti bado ni rasimu na mzabuni hajapewa hata shilingi. Kama tunataka mahafali yasiyo na taka, tunayapata leo mezani hapa au hatuyapati.

Niwasimulie tulivyoshindwa. Mwaka juzi klabu yetu ilijipanga vizuri, au tulidhani hivyo. Tuliomba mapipa matatu matupu, tukayasugua, tukayapaka rangi. La kijani mabaki ya chakula, la bluu chupa, jekundu vinginevyo. Wanafunzi waliandika maneno kwa brashi, mwandiko wa kupendeza kabisa. Tukaweka moja getini, moja kando ya jukwaa, moja nyuma ya hema la chakula. Saa nane mchana nikapita kukagua. Yote matatu yalikuwa na mchanganyiko uleule: sahani nyeupe za povu, wali, mifupa, chupa za maji zilizonywewa nusu. Nikasimama kidogo nitazame watu. Akaja mama mmoja, mkono huu ana sahani, mkono huu ana mtoto, na pipa lililo jirani naye ni la bluu. Angefanya nini? Angezunguka uwanja na mtoto kutafuta la kijani? Akatupa alipofika. Sikuwa na neno la kumlaumu, wala sina leo.

Usiku ule ikanyesha. Mnaujua mji wetu, umekaa kwenye vilima na kila tone la mvua lina haraka ya kushuka. Asubuhi nilitoka na wale mama wa usafi. Mtaro wa nyuma ya bweni ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na juu ya maji nikaliona taji la mhitimu, lile la nailoni la rangi ya dhahabu, linazunguka kwenye tope, likanasa kwenye jiwe, likanasuka, likashika njia ya bondeni. Mtu alilinunua getini jana yake, akamvika mtoto wake kwa machozi ya furaha, wakapiga picha. Nililitazama mpaka likapotea. Hakuna aliye humu ndani ambaye hajui mitaro ya Kigoma inaishia wapi.

Tumezoea kusema Ziwa Tanganyika ni refu na lina kina, kama tunavyosema mbingu iko juu. Lakini sikilizeni lilivyo. Lina urefu wa kilomita zinazokaribia 670, na penye kina kirefu kabisa ni kama meta 1,470. Duniani linapitwa kwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Mito inayoingia ni mingi. Unaotoka ni mmoja, Lukuga, ule wa upande wa Kongo, nao hauchukui mengi. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi chupa. Na chini huko, ukishapita tabaka la juu, maji hayana oksijeni na hayachanganyiki upesi na ya juu. Kilichozama kimezama. Ziwa letu halina mlango wa nyuma wa kutolea uchafu.

Plastiki nayo haiozi kama ganda la ndizi, inamegeka. Jua linaipasua, mawimbi yanaisaga, inakuwa punje ambazo samaki hawezi kuzitofautisha na chakula. Wenzetu wa Ziwa Victoria walipimiwa hilo: watafiti walichukua sangara na sato kutoka soko la Mwanza, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 walikuta plastiki kwenye matumbo ya samaki mmoja kati ya watano. Dagaa wetu na migebuka yetu nao wanakula humohumo tunamotupa.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi. Tangu mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa hili zimekubaliana kulipumzisha, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Familia za wavuvi wa Kibirizi na Katonga hukaa miezi mitatu bila kuingia majini. Baadhi yenu ni watoto wa familia hizo, mnajua ada ya muhula ule ilipatikanaje. Watu wanajinyima riziki ili ziwa lipumue. Halafu sisi wasomi, Jumamosi moja tu, tunaliteremshia mzigo wa plastiki kwa sababu hatukukaa kikao. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Sasa, mahafali yasiyo na taka maana yake nini? Wanaoshughulika na mambo haya kimataifa wameweka mpaka: angalau asilimia 90 ya vilivyobaki isiende dampo wala kwenye moto, irudi kutumika, ilishe mifugo, au iwe mboji. Kwa mfano, tukipima kilo 200 za mabaki yote, zinazokwenda dampo zisizidi 20. Ndiyo maana naomba kamati iazime mzani wa sokoni. Tukisema tumefanikiwa bila mzani tutakuwa tunasifiana tu.

Na kilo hizo haziamuliwi kwenye pipa. Tuliyapaka rangi mapipa, tukaacha karatasi ya bajeti kama ilivyo. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, walipoanza mwaka 2008 kuuendesha uwanja wao wa mpira bila taka, hawakuishia kuandika vibao. Walibadilisha vifungashio vinavyoingia kwa wauzaji, kisha wakaondoa mapipa ya kawaida wakaweka ya kurejeleza na ya mboji. Kisichoingia getini hakina haja ya pipa.

Basi nimeichukua bajeti ya mwaka jana, hii hapa, tuisome pamoja.

Maji ya kunywa. Tukitarajia watu 800, na kila mmoja akapewa chupa mbili za nusu lita, hizo ni chupa 1,600. Lakini ndani ya chupa zote hizo mna lita 800 tu, yaani madumu 40 ya lita ishirini, yale yanayorudi kujazwa tena. Tuna chaguo la kurudisha madumu 40 Jumatatu asubuhi, au kuokota chupa 1,600 Jumamosi usiku, na vizibo vyake. Madumu yawekwe kwenye vituo vinne kivulini, kila kituo na vikombe vya stili na beseni la kuvioshea, na kijana wa kuhudumia.

Najua kinachowasumbua, maana niliuona uso wa mhazini. Meza kuu. Tumejifundisha kwamba heshima ya mgeni rasmi ni chupa ya maji mbele yake, imefungwa, imepangwa na nyingine kama gwaride. Na meza kuu ikiwa na chupa, kila mzazi anauliza mbona mimi nimepewa kikombe. Naomba tukumbuke bibi zetu wa Ujiji walivyompokea mgeni. Maji yaliletwa kwenye bilauri ya kioo, juu ya sinia, yamefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na aliyeleta alipiga goti kidogo. Nani aliyewahi kupokelewa hivyo akajiona amedharauliwa? Mgeni rasmi tumwekee jagi la kioo na bilauri iliyofunikwa kitambaa. Vitambaa vya kufuma ninavyo nyumbani, nitavileta, na hapa naona mama watatu ambao makochi yao nayafahamu. Hili likikubalika meza kuu, uwanja mzima utafuata bila mtu kuhubiriwa.

Soda ziwe za chupa ya kioo. Kreti inarudi, tumeifanya kazi hiyo tangu tukiwa watoto tukitumwa dukani na chupa tupu. Mirija isinunuliwe.

Sahani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko tulikoangukia. Zile za povu hakuna anayezinunua zikishatumika. Mwokota chupa anaziruka. Upepo unazitoa kwenye kiroba, mvua inazibeba, na akizikusanya mlinzi anazichoma nyuma ya jiko, moshi mweusi unaingia bwenini. Hakuna njia njema ya kuachana na sahani ya povu baada ya kula. Njia ni kutoinunua.

Na sahani za kutosha zipo mjini humu. Harusi za Kigoma zinakula kwenye nini? Misiba inakula kwenye nini? Vikundi vya akina mama vina masufuria, sahani na vijiko, na kila kikundi kina alama yake, chini ya sahani kuna tone la rangi ya kucha, hiki chekundu, kile zambarau, ili zikichanganyika jikoni zirudi kwa wenyewe. Utaalamu huu tunao. Tunachohitaji ni kuukodi, tena kwa bei ya haki. Ile pesa iliyoandikwa "sahani na vikombe vya kutupa" isifutwe na kupelekwa kwenye mapambo. Ihamie kwenye mistari miwili: kukodi vyombo, na malipo ya waoshaji. Sitaki kusikia kwamba mama atakodisha sahani halafu aoshe bure kwa kuwa ni mambo ya mazingira. Kazi ni kazi.

Uoshaji uwe hivi. Meza ya kwanza, kijana anafuta mabaki kwa kijiko cha mbao kwenye ndoo. Kisha mabeseni matatu: la kusugua kwa sabuni, la kusuuza, na la maji yenye dawa ya kuulia vijidudu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kisha kichanja, sahani zisimame zikauke kwa jua. Zisifutwe kwa kitambaa kimoja kinachozunguka vyombo vyote, hapo ndipo ugonjwa unapopita. Vichanja vitatu vya miti vinatosha, na fundi wa chuo anaweza kuvigonga kwa siku mbili. Maji ya kuoshea yasimwagwe mtaroni. Tutachimba kishimo chenye changarawe pembeni.

Chakula chenyewe. Mpishi wa sherehe anaogopa jambo moja tu, chakula kuisha mbele ya watu, kwa hiyo anapika cha watu elfu. Tumwondolee hofu kwa kumpa idadi ya kweli. Kila mhitimu atujibu ifikapo wiki mbili kabla: unaleta watu wangapi, na watoto wangapi. Mwenye simu ajibu kwa simu, na kadi ya karatasi tuwapelekee wazee tu, wale ambao kadi ni kumbukumbu ya kuwekwa juu ya kabati. Kwenye kupakua, kijiko cha wastani na neno la ukarimu, "karibu tena." Mtu akirudi mara ya pili ameridhika. Mtu akirundikiwa kilima cha pilau atakiacha nusu.

Kitakachobaki sufuriani, ambacho hakijaguswa, kigawiwe kikiwa bado cha moto. Joto la hapa halina subira, kisikae nje zaidi ya saa mbili. Walinzi, madereva, mafundi wa muziki, wanafunzi waliobaki bwenini, kila kundi liwe na jina kwenye orodha na mtu wa kuwapelekea. Kilichobaki kwenye sahani hicho si cha mtu tena. Kitakwenda kwa wafugaji wa kuku na bata walio jirani, waje na ndoo zao saa kumi.

Maganda ya ndizi, ya vitunguu, majani ya kabichi, hayo yanazalishwa tangu Ijumaa usiku na ndiyo mazito kuliko vyote. Lundo la mboji liwe tayari nyuma ya bustani: tabaka la nyasi kavu na majani makavu, tabaka la maganda, tena makavu, na maji kidogo, kiasi kwamba ukikamua konzi moja ya lundo hilo litoke tone moja. Mvua za msimu zitalizamisha, lifunikwe. Baada ya siku chache ukiingiza mkono ndani utautoa haraka, joto hupita nyuzi 55 na ndilo linaloua mbegu za magugu. Ligeuzwe kila baada ya wiki mbili. Kwenye mwezi wa tatu mna udongo mweusi wa kupandia. Mifupa na mafuta ya kupikia yasiingie humo, yataita mbwa na panya.

Mapambo nitayapita haraka. Kigoma ni nchi ya michikichi. Tao la matawi ya mchikichi getini na bugenvilia vinapendeza kuliko maputo, na Jumatatu vinaingia kwenye mboji. Maputo yakipasuka au kuruka ni yaleyale ya mtaroni, na vile vipande vya kung'aa vinavyorushwa hewani hakuna ufagio unaovimaliza. Bango liandikwe jina la chuo na neno mahafali, mwaka ukae kwenye kipande cha kitambaa kinachobadilishwa. Mabango ya miaka iliyopita yamerundikwa stoo, tuyatoe, ndiyo ya kufunikia lundo la mboji.

Mataji, hapana, siwezi kuyapita haraka. Sitasimama getini kumnyang'anya mzazi taji alilomnunulia mwanawe. Yule mama anayeyauza naye ana watoto. Nimezungumza na mafundi cherehani wawili wa Mwanga, wanatupa mabaki ya vitenge kila jioni. Wanafunzi wa klabu wameshajaribu, ua la kitenge linashonwa kwa dakika chache, na maua kumi na mawili yanatosha shada la shingoni. Napendekeza tuwaite wauza mataji wa getini mwezi mmoja kabla, tuwafundishe, wauze wao kwa bei yao. Shada la kitenge halitupwi. Litaning'inia ukutani kijijini Kasulu au Uvinza miaka na miaka, na watoto wadogo wa nyumba ile watauliza ni la nani.

Wauza karanga na ubuyu nao tuwaite siku hiyohiyo. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vidogo vyeupe bado vinapenya. Karanga zifungwe kwenye karatasi kama zamani.

Baada ya yote haya, ndipo tuzungumzie mapipa, na yatakuwa machache. Vituo viwili tu uwanja mzima. Katika kila kituo vyombo vyote viko pamoja, bega kwa bega, yule mama mwenye mtoto asizunguke. Juu ya kila chombo tufunge kitu chenyewe kwa kamba: ganda la ndizi, chupa, karatasi. Wapo wageni wasiosoma, na wapo wanaosoma lakini wana haraka. Na kando ya kila kituo asimame mwanafunzi aliyefundishwa, kwa zamu za saa moja. Asizidishe hapo, kusimama juani na kuwaelekeza watu kwa adabu kunachosha, na aliyechoka huanza kufoka.

Chupa chache zitakazoingia, maana zitaingia, zina mwenyewe. Wale vijana wanaookota chupa mjini huwa wanasubiri ng'ambo ya ua mpaka tuondoke, wanafukuzwa. Safari hii wawili au watatu waingie kwa mlango, wapewe sahani ya pilau kama wageni wengine, na chupa zote ziwe zao. Wanajua ipi inanunuliwa na ipi hainunuliki kuliko sisi wenye shahada.

La mwisho kwenye karatasi yangu ni mkataba wa mzabuni. Mwaka jana makubaliano yalikuwa ya mdomo. Tulisema hatutaki povu, siku ya siku povu likashuka kwenye kirikuu, na saa ile hukuwa na la kufanya, wageni wameshakaa. Yaandikwe: haingii na sahani wala vikombe vya kutupa, anaondoka na maboksi na viroba alivyokuja navyo, na sehemu ya mwisho ya malipo yake inatolewa Jumapili asubuhi baada ya Mwenyekiti na mimi kuuzunguka uwanja kwa miguu, pamoja na mtaro wa nyuma ya bweni.

Mwenyekiti, mimi nimemaliza yangu, lakini kuna swali moja ambalo kikao hiki hakiwezi kuendelea bila jibu lake, na mwenye jibu amekaa safu ya pili, amejifunga kanga ya kijani. Naomba kwa ruhusa yako asimame. Mama, shikamoo. Tuambie, katika kikundi chenu sahani mnazo ngapi, na ni za alama ya rangi gani?